Somo: Igizo moja, lafudhi kumi. Kuongoza kikundi mchanganyiko hapa Unguja

Assalaam alaykum wanachama. Somo la leo ni kwa wanaotaka kupandisha igizo jukwaani na waigizaji waliochanganyika: Mmakunduchi, Mpemba, Mngazija, Mhindi wa Mkunazini, Mgoa, kijana wa bara anayeuza simu Darajani, na mara nyengine mgeni wa kujitolea aliyeanza kujifunza Kiswahili juzi. Habari za taa na pazia sitazigusa sana. Nitakaa kwenye kile ninachoona ndicho kinachoangusha maigizo yetu mengi, nacho ni masikio ya watazamaji.

Watazamaji wa Unguja hawahitaji kuambiwa mtu ni wa wapi. "Dhambi" ikitoka "zambi", "kura" ikitoka "kula", watu wameshagusana viwiko. Na kwa vile tumezoeshwa vichekesho ambavyo Mpemba, Mhindi na mtu wa bara huwekwa wachekwe kwa matamshi tu, kicheko huja kabla hujakitayarisha. Igizo la kuchekesha litavumilia. La msiba halivumilii. Kwa hiyo, katika kila hatua hapa chini jiulize: mwigizaji huyu akifungua mdomo, nataka watu wasikie nini?

Hatua ya 1: Amua kama asili ya mtu ni sehemu ya hadithi

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni hadithi ambayo watu wa kila namna hukutana kweli: nyumba ya kupanga Mji Mkongwe, boti ya kwenda Pemba, foleni ya hospitali, gati ya Malindi siku mzigo umekwama. Hapo Mhindi ni Mhindi, Mpemba ni Mpemba, na lafudhi ya kila mmoja ina kazi. Ya pili ni hadithi ambayo asili haina kazi: hekaya ya mfalme na binti zake, wanyama, majini. Hapo mama anaweza kuwa Mgoa na mwanawe Mmakonde, na watu wakakubali.

Kinachovuruga ni kuzichanganya njia hizo katika igizo moja. Mtazamaji anakaa nusu saa akijiuliza yule mtoto ni wa kulea au vipi, na maneno yote yanampita. Ukichagua njia ya pili, waambie watu mapema. Tunayo namna ambayo kila aliyelelewa na bibi anaijua: mtambaji anatoka mbele, anasema "Paukwa!", ukumbi unajibu "Pakawa!" Baada ya hapo wako ndani ya hadithi na hawaulizi cheti cha kuzaliwa cha mtu. Waigizaji wote wawe wameshakaa jukwaani na nguo za aina moja, halafu mmoja ajifunge kilemba mbele ya macho ya watu awe mfalme, mwengine ajitande kanga awe mkewe. Nimeona jambo hili likiwatuliza hata wale wakorofi wa mabenchi ya nyuma.

Hatua ya 2: Kalenda kabla ya ukumbi

Chukua karatasi uandike siku zisizowezekana. Ramadhani yote hakuna onyesho, na inarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka jana haikufai. Siku kumi za mwanzo za Muharram, Mashia wa Ithnaashari wako kwenye majlisi zao, usimwite mtu mazoezini. Mhindu ana Diwali, Oktoba au Novemba. Mkristo ana Kwaresima na Wiki Kuu, na Jumapili asubuhi si yako. Masika, Machi mpaka Mei, jukwaa la wazi ni kamari. Februari ni ya tamasha la muziki la Sauti za Busara, na mafundi wa sauti wazuri wote watakuwa huko. Mimi hupenda Juni mpaka Septemba, ikiwa mwezi wa Kiislamu hauingilii.

Mazoezi yawe baina ya alasiri na magharibi, tuseme saa kumi na robo mpaka saa kumi na mbili. Muda ni mfupi, lakini ndio ambao wazazi wa wasichana hawanung'uniki. Ukivuka magharibi utawapoteza kimya kimya, mmoja baada ya mwengine, na kila mmoja atakuwa na udhuru mzuri.

Hatua ya 3: Kugawa nafasi

Kila mtu asome nafasi tatu, moja iwe ile ambayo hungemfikiria. Mhindi asome nahodha, mtu wa bara asome sheikh, Mwarabu asome mpagazi. Ukimpa kila mtu nafasi inayofanana na kabila lake, umeshawaambia watazamaji wasisikilize, wakumbuke tu vichekesho vyao.

Chukua *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya igizo la Shakespeare, ya mwaka 1969. Shailoki ni Myahudi mkopesha fedha. Hapa kwetu ukimpa Mhindi nafasi hiyo, hakuna atakayemuona Myahudi wa Venisi. Watamuona mwenye duka, na visiwa hivi vina fitina za zamani ambazo hazihitaji kuchochewa na sisi. Mpe mwengine yeyote Shailoki, na huyo Mhindi wako mpe yule tajiri anayekopa. Utashangaa jinsi mabishano ya mkopo yanavyosikika upya.

Hatua ya 4: Lafudhi

Hapa msiharakishe. Wiki ya kwanza isiwe ya jukwaani kabisa. Kaeni duara, msome, na wewe mwongozaji ufumbe macho. Andika kila mahali ambapo umesikia lafudhi kabla ya kusikia maana. Hizo ndizo sehemu za kufanyia kazi, nyengine ziache.

Kwa kila sehemu una njia tatu. Unaweza kubadilisha neno. Tulikuwa na kijana ambaye, kwenye onyesho zito, mstari wake ulikuwa "Sikuja kula, nimekuja kupiga kura." Kwa ulimi wake maneno hayo mawili yalikuwa kitu kimoja, na duara zima lilianguka kicheko. Tuliandika "Sikufuata chakula, nimekuja kuchagua." Maana haikupungua, na kijana alinyooka mgongo. Mwongozaji anayemkalisha mtu wiki nzima akitafuta "r" anapoteza wakati wa wote, na anamtia mwigizaji wake haya ambayo haitoki.

Unaweza pia kuitumia lafudhi. Katika hadithi ya nyumba ya kupanga, mama wa Makunduchi anazungumza Kiswahili cha mjini na wapangaji wenzake, lakini akipigiwa simu na dada yake anaingia lahaja yake moja kwa moja. Nusu ya ukumbi haitashika kila neno, na haidhuru, kwa sababu wataona mtu anavyobadilika akiwa kwao. Sharti moja: maneno hayo ayaandike mwenyewe mwenye lahaja. Mtu wa mjini Vuga asiigize Kimakunduchi, na asiyezaliwa Pemba asijaribu Kipemba kwa kuchomeka "yakhe" kila baada ya neno. Kama hamna mwenye lahaja kikundini, BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili Zanzibar, wamechapisha makamusi ya Kipemba, Kimakunduchi na Kitumbatu. Yatakupa maneno, lakini hayatakupa ulimi, kwa hiyo bado tafuta bibi wa kukusikiliza.

Njia ya tatu ni kuiacha ilivyo. Mara nyingi ndiyo sahihi. Mtazamaji huizowea lafudhi baada ya dakika chache, ilimradi sauti inafika na sentensi haimezwi mwishoni. Kiswahili kinabeba maana kwenye silabi za mwisho na za mwanzo, na mgeni humeza zote mbili. Kwa mgeni, katakata sentensi: kitenzi kimoja, jambo moja, pumzi.

Kipimo changu: mtu asiye wa kikundi akae kiti cha nyuma kabisa, aipe jukwaa mgongo, arudie anachokisikia. Akirudia sawa, hata kama mwigizaji kasema "selasini" badala ya "thelathini", kazi imekwisha.

Hatua ya 5: Mikono na miili

Kwenye kikundi mchanganyiko kila mtu ana mpaka wake, na wengi hawatausema mbele ya watu. Uliza mmoja mmoja, faragha. Mimi hupanga onyesho lote bila mwanamme na mwanamke kugusana, hata wakiwa ni mume na mke. Haliwi igizo baridi. Mume anaaga kwenda Maskati: amepiga goti anafunga begi kwa kamba, mke ameshika ncha ya pili. Mume anavuta ili akaze fundo, mke haachii. Anavuta tena. Mke anaachia, lakini polepole, kidogo kidogo, mpaka ncha imemtoka vidoleni. Watu walikuwa kimya pale kuliko wanavyokuwa kimya kwa kukumbatiana kwenye filamu.

Vyumba vya kubadilishia viwe viwili, vyenye milango, siyo shuka lililotungikwa. Na mwenye kuvaa ushungi maishani asilazimishwe kuuvua kwa sababu ya mhusika. Mhusika ndiye avae ushungi.

Hatua ya 6: Maleba

Azima majumbani. Kanzu, kofia ya kiua, sari na kanga za kweli zinakaa mwilini vizuri kuliko za kushona kwa haraka. Tasbihi, msalaba na vitu vya ibada viwekwe tu kama hadithi inavihitaji, wala visishikwe na mhusika wa kuchekesha.

Hatua ya 7: Ruhusa

Mwone sheha, kiongozi wa mtaa, mapema, kwa heshima, na si siku ya kuomba viti. Muswada upelekwe BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni, ukiwa umeshakamilika. Kama mna raia wa kigeni, waulizeni Uhamiaji kuhusu kibali chake kabla jina lake halijaingia kwenye tangazo.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Anza saa mbili na nusu, watu wakishatoka Isha. Ukianza saa moja, adhana itakukata katikati ya onyesho, na itakuwa haki yake. Tayarisheni jenereta au taa za betri. Baina ya sehemu za igizo, muziki wa kidumbaki unatosha: fidla, dumbaki mbili, sanduku, cherewa na mkwasa. Mafundi hao hawahitaji umeme, na taa zikizimika wao ndio watakaokuokoa.

Masuali ya wanachama

*Kutoka Wete:* Maalim, sisi huku wote Wapemba. Mchanganyiko tuutoe wapi?

Umo humo humo, sheikh. Una wavuvi wa Kojani waliokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, Tanga na Mombasa wakarudi na maneno ya huko. Una walimu na askari kutoka bara. Msimu wa karafuu una watu waliokuja kuchuma. Na mtu wa Wete akisikika Chake Chake, si watu huambiana pale pale? Anza na hao kabla ya kutafuta Mzungu.

*Kutoka Paje:* Waigizaji wangu karibu wote ni wa mahotelini, kutoka Arusha, Mbeya na Kenya. Zamu zao zinabadilika kila wiki, sijawahi kuwapata wote pamoja.

Weka watu wawili kwa kila nafasi kubwa, na andika hadithi yenye sehemu za watu wawili au watatu, ili mfanye mazoezi vipande vipande. Aprili na Mei mahoteli huwa matupu, kazi inapungua. Tumia miezi hiyo kwa mazoezi ya ndani wakati mvua inanyesha, halafu mpande jukwaani Juni kabla wageni hawajajaa.

*Kutoka Mwanakwerekwe:* Mimi ni Mkristo na nimepewa nafasi ya mama wa Kiislamu. Kuna mahali anasali. Naogopa kukosea na naogopa kuonekana nadhihaki.

Dada yangu, sala isifanywe jukwaani, hata kama ungekuwa Muislamu. Mwambie mwongozaji aanze onyesho ukiwa unakunja msala. Watu wataelewa ulikuwa unafanya nini. Halafu mwombe Bi mmoja wa kikundi akuoneshe namna ya kujitanda, kwa sababu hilo ndilo ambalo kinamama wa safu ya mbele watalikagua.

*Kutoka Kikwajuni:* Mgeni mmoja katununulia taa zote. Sasa anataka mke wake awe mhusika mkuu, na bibi huyo Kiswahili hajui.

Mpe nafasi ambayo kutojua Kiswahili ndiyo hadithi yenyewe: mgeni aliyepotea vichochoroni Mji Mkongwe, kila mtu anamwelekeza kwake mwenyewe. Atakuwa jukwaani muda mrefu na maneno yake yatakuwa machache. Akikataa, rudisheni taa. Karabai bado zinauzwa.

*Kutoka Jang'ombe:* Tumefanya yote hayo na bado watu wanacheka pasipo na kicheko. Mwigizaji afanye nini pale pale?

Asipandishe sauti, na asikimbie kwenye mstari unaofuata. Angoje, avute pumzi, aendelee kumtazama mwenzake. Huyo mwenzake ndiye mwenye kazi kubwa zaidi. Watazamaji wakimuona anayesikiliza jukwaani anasikiliza kweli, bila ya kutabasamu, wananyamaza upesi. Kwa hiyo kwenye mazoezi mfundisheni zaidi anayesikiliza kuliko anayesema. Kicheko kikirudi usiku wa pili mahali pale pale, rudini kwenye hatua ya 4 mubadilishe neno, na mfanye hivyo mchana, si nyuma ya pazia dakika tano kabla ya kuanza.