Jinsi ya kutunza triflati ya iterbiamu katika hewa ya Mombasa

Chupa yangu ya kwanza ya triflati ya iterbiamu, chumvi ya metali adimu inayotumika kama kichocheo cha kuharakisha mimenyuko ya kemikali, niliifungua mwezi wa Mei, masika imeshika na dirisha la maabara liko wazi upande wa Likoni. Nikamwaga unga kidogo kwenye karatasi juu ya mizani, nikasoma namba. Kabla sijaiandika, ikapanda. Ikapanda tena. Unga mweupe, mkavu kama chumvi ya mezani, ukaanza kushikana pembezoni. Mizani ilikuwa nzima. Unga ndio uliokuwa ukinywa unyevu wa hewa.

Vijana wakiona hivyo hudhani umeharibika, wanataka kuutupa. Haujaharibika. Kloridi ya alumini ndiyo ikipata maji huchemka, hutoa moshi wa asidi na habari yake ikaishia hapo. Hii ni tofauti: mwaka 1991 Shū Kobayashi wa Japani alionyesha kwamba hubaki asidi ya Lewis, yaani kitu kinachopokea jozi ya elektroni, hata ndani ya maji, ikaendelea kuchochea mmenyuko. Kinachoharibiwa na maji ni hesabu yako. Moli moja ya unga mkavu ni gramu 620.25. Kila chembe yake ikishabeba molekuli tisa za maji, moli hiyo inafika gramu 782. Basi ukipima miligramu 62, kichocheo halisi humo ni kama miligramu 49 tu, kisha unashangaa mbona kazi haiendi.

Kwa hiyo unapoagiza, soma namba ya CAS, ile ya kutambulisha kemikali. 54761-04-5 ni ule usio na maji. Kama mmenyuko wako unafanyika ndani ya maji, agiza wenye maji. Usilipie ukavu utakaoumwagia maji mwenyewe. Agiza chupa za gramu moja moja. Chupa kubwa itafunguliwa mara thelathini, na kila mara hewa yetu itachukua haki yake.

Ukiwa nayo chupa kubwa tayari, igawe siku kavu ya kaskazi, Januari au Februari, kiyoyozi kimewashwa tangu asubuhi. Vichupa vikae ndani ya desiketa, chombo cha kufunga kabisa cha kuhifadhia vitu vikavu, yenye punje za silika za kunyonya unyevu. Punje za buluu zikigeuka waridi, zirudishe kwenye oveni, nyuzi 120, zilale humo usiku kucha. Na usipime kwenye karatasi kama nilivyofanya mimi: pima kichupa kikiwa kimefungwa, mimina unga moja kwa moja kwenye chombo cha kazi, funga, pima tena. Tofauti ndiyo kipimo chako.

Vaa glavu na miwani, fanyia kazi kwenye kabati la moshi, lile linalovuta mvuke nje. Unga huu huwasha ngozi, macho na njia ya hewa. Usiuchome pamoja na takataka: una florini na salfa, na moshi wake huweza kuwa na floridi ya hidrojeni, kitu kibaya sana kwa mapafu.

Kazi ikiisha, usimwage maji ya mmenyuko kwenye sinki! Hili linaniuma nikiliona. Toa zao la mmenyuko kwa ethili asetati, kiyeyushi kisichochanganyika vizuri na maji. Kichocheo hubaki kwenye tabaka la maji, ambalo ndilo zito, la chini. Kausha maji hayo kwa joto la polepole, kisha weka masalia kwenye ombwe, nyuzi 190 hivi, saa kadhaa. Unga unarudi, unatumika tena.

Wanafunzi huniuliza, si tuna kilima cha Mrima hapo Kwale, chenye madini adimu? Kipo, ni kweli. Lakini kutoka jiwe la Mrima hadi unga safi chupani kuna viwanda vingi vya kutenganisha, na vingi viko China. Aprili 2025 China iliweka masharti ya vibali vya kuuza nje kwa elementi saba za madini adimu, skandiamu ikiwemo, na triflati yake ni ndugu wa huu wetu. Ndiyo maana karibu na sinki letu kuna chupa ya kahawia iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: MAJI YA ITERBIAMU, MIMINA HAPA.