Jinsi ya kutumia neno «presión» ukiongoza wageni wa Kihispania
Vijana ninaowafundisha Kihispania hapa Arusha wengi wanataka kuongoza watalii, na presión, yaani presha, mgandamizo au shinikizo, ni neno ninalowakazania mapema. Utalihitaji mlimani, kwenye gari, hata mezani mgeni anapomeza vidonge vyake vya asubuhi.

Anza na matamshi. Mkazo uko mwishoni: pre-SIÓN. Ulimi wetu umezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo litamke kwa sauti mpaka likae. Hiyo e isikike vizuri, maana ukisema prisión umetaja jela. Ni neno la jinsia ya kike, la presión. Wingi wake ni las presiones, bila alama juu ya o.

Kwenye afya ndipo nisipotaka mtu akosee. «Nina presha» usiigeuze kuwa tengo presión. Mgeni atadhani una mambo yanakubana. Sema tengo la presión alta, na ikiwa imeshuka, baja. Kabla ya kupanda Kilimanjaro, muulize: ¿Toma pastillas para la presión? (Unameza vidonge vya presha?) Kwa mtu wa Meksiko au Argentina hapo umepatia. Mtu wa Hispania kwa kawaida husema la tensión, hivyo ukimsikia anaitaja, jua ni presha hiyohiyo, nawe mfuate.

Mlimani ni la presión atmosférica. Kileleni, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa usawa wa bahari, ndiyo maana kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mweleze: Arriba hay menos presión, por eso vamos despacio (Juu mgandamizo ni mdogo, ndiyo maana tunakwenda pole pole). Mgeni akielewa sababu ya pole pole, hakimbilii mbele.

Kwenye gari, sisi tunapima upepo, wao la presión de los neumáticos. Mmeksiko atasema las llantas. Na mpishi akiulizwa habari za olla a presión, ni sufuria ya presha.

Kufanya kazi huku unabanwa ni trabajar bajo presión. Kumshinikiza mtu ni presionar. Mgeni akianza kuona aibu kwa sababu wenzake wamemtangulia, mwambie sin presión, yaani hakuna shinikizo, kisha punguza mwendo utembee naye.