Mimba na nyumba ya kando ya barabara kuu: mambo ya kuzingatia kabla

Kama unaogopa kwamba moshi na kelele za barabara vitakuletea kisukari cha ujauzito, kabla ya kuanza kutafuta nyumba nyingine pima kwanza uzito wa hatari yenyewe. Kisukari cha ujauzito hutokea pale homoni za kondo la nyuma zinapoufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na kongosho likashindwa kuongeza nyingine ya kutosha. Tafiti kadhaa zimeona kinajitokeza zaidi kwa wajawazito wanaovuta hewa chafu ya magari. Kuhusu kelele, majibu bado yanapingana. Unene, umri, kisukari katika familia au katika mimba iliyopita vina uzito mkubwa zaidi kuliko barabara. Kwa hiyo usihame kwa hofu, lakini usipuuze pia.

Moshi hudhuru vipi? Chembechembe za PM2.5, ambazo ni nyembamba mara 30 hivi kuliko unywele, hufika ndani kabisa ya mapafu na kuichokoza kinga ya mwili. Mwili uliochokozwa hivyo huitikia insulini vibaya. Kelele ina njia yake: hukatiza usingizi na kupandisha homoni za msongo kama kotisoli, nayo kotisoli huinua sukari kwenye damu.

Ndiyo maana mimi ningeanza na chumba cha kulala. Lala usiku mmoja ukiwa makini na sauti: malori yanapita saa ngapi, honi zinaanza lini, unashtuka mara ngapi? Mwaka 2018 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilipendekeza kelele za barabarani usiku, kwa wastani, zisizidi desibeli 45 nje ya nyumba. Programu ya simu itakupa makadirio tu, ila kumbuka kwamba desibeli 55 si zaidi kidogo ya 45. Nguvu ya sauti hapo imeongezeka mara kumi. Kama kuna chumba cha upande wa nyuma, hamishia kitanda huko mapema, kabla tumbo halijawa kubwa na kila kitu hakijawa kazi. Kama hakipo, pazia zito na vizibo laini vya masikio husaidia kiasi.

Halafu pitisha kitambaa cheupe kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama barabara. Weusi utakaouona ni uchafu ule mzito uliotua. Zile chembe ndogo zimebaki hewani. Fungua madirisha ya nyuma, na yale ya mbele uyafungue saa ambazo magari yamepungua. Lakini usifunge nyumba kuzuia moshi wa nje huku jiko la mkaa linawaka ndani. Hapo unakaribisha kaboni monoksaidi, ambayo ni hatari ya papo hapo kwako na kwa mtoto.

Kutembea usiache, kwa sababu mazoezi mepesi husaidia mwili kutumia sukari. Badilisha njia tu. Uchafu wa hewa hupungua sana ndani ya mita mia chache kutoka barabarani, kwa hiyo mtaa wa nyuma una faida kubwa kuliko unavyodhani. Epuka kusimama kwenye makutano na vituo ambako magari yanaunguruma bila kwenda. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu cha maana. Ya N95 ikikaa vizuri usoni huzuia chembechembe, si gesi, na ikikubana pumzi ivue.

Yote haya hayachukui nafasi ya kipimo. Kisukari cha ujauzito mara nyingi hakina dalili, kwa hiyo usingoje kiu wala kukojoa mara kwa mara. Kipimo cha kunywa glukosi hufanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na 28. Mwenye vihatarishi vingine aulizie mapema zaidi, hata kwenye hudhurio la kwanza la kliniki. Kwa vigezo vya WHO vya mwaka 2013, unakunywa gramu 75 ukiwa umefunga tangu usiku, na inatosha kipimo kimoja kufika 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili (milimoli kwa lita) ili uhesabiwe unacho. Vituo vingine hutumia vigezo tofauti, muulize mkunga. Mweleze pia kama hulali vizuri, hata asipokuuliza.

Ukikutwa nacho, panga tangu sasa kurudia kipimo wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Miadi hiyo wengi huikosa, maana akili yote huwa kwa mtoto.