Kazi ya nyumbani ya Hisabati na Kiingereza: ninavyokaa na mtoto

Nina genge la mbogamboga hapa Morogoro, na binti yangu wa mwisho yuko darasa la nne. Shuleni kwao, kama ilivyo katika shule nyingi za serikali Tanzania, masomo yanafundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni somo lake peke yake. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, kwa hiyo kazi za nyumbani haziishi. Wazazi wenzangu wengi husema, "Mimi niliishia la saba, Kiingereza chenyewe kimeshanitoka, nitamsaidia nini?" Utamsaidia sana. Huhitaji kulijua jibu. Unachohitaji ni kumfanya mtoto aseme kwa sauti anachokifikiria, mpaka pale alipopotea paonekane.

Tunakaa jioni kabla sijabandika chungu, akiwa ameshaoga na kula kitu. Penseli anashika yeye. Ukiishika wewe, mwalimu kesho atasahihisha kazi ya mzazi, na mtoto atabaki na pengo lilelile. Swali langu la kwanza huwa moja kila siku: "Wanataka tutafute nini?" Anijibu kwa maneno yake, bila kutaja namba hata moja. Akishindwa, tunarudi kusoma swali. Hatuanzi kukokotoa.

Hili linasaidia mno kwenye mafumbo, maana watoto wamezoea kuwinda neno moja. Wakiona "jumla" wanajumlisha, wakiona "pungufu" wanatoa. Chukua fumbo hili: Juma ana mbuzi 24. Mbuzi wake ni pungufu kwa 6 ya mbuzi wa Asha. Asha ana mbuzi wangapi? Mtoto atakimbilia 24 kutoa 6, aandike 18. Usimwambie amekosa. Muulize, "Kati ya Juma na Asha, nani ana mbuzi wengi?" Arudi kusoma, aone ni Asha. Kisha muulize, "Sasa 18 na 24, ipi kubwa?" Hapo mara nyingi anafuta mwenyewe na kuandika 30. Nasisitiza swali la nani ana nyingi na nani ana chache kwa sababu halihitaji hesabu yoyote, na bado linakamata makosa mengi ya mafumbo.

Kwenye hesabu za vitendo vingi wanafundishwa MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni msaada mzuri, ila una mtego ambao mzazi anapaswa kuujua. Mpe 10 − 4 + 3. Mtoto anayefuata herufi bila kufikiri atasema kujumlisha kunatangulia, kwa hiyo 4 na 3 ni 7, na 10 ukitoa 7 ni 3. Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, vikiwa peke yake unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo. Mimi humwambia aifanye kwa pesa: una shilingi 10, umetoa 4, umeongezewa 3, mkononi una ngapi? Hapo hakosei.

Kutoa kwenye sifuri nyingi ndiko kunakowaliza. 5,000 kutoa 3,250: anachukua kwa jirani, jirani hana, anaenda kwa jirani wa mbali, anapotea njiani. Mwache aifanye kwa njia ya mwalimu kwanza, kwa sababu ndiyo itakayosahihishwa. Halafu ahakikishe kwa njia ya gengeni, ile tunayorudishia chenji. Mteja ametoa noti ya elfu tano kwa vitu vya 3,250. Weka 50, imefika 3,300. Weka 200, imefika 3,500. Weka 500, imefika 4,000. Weka 1,000, imefika 5,000. Ulizoweka ni 1,750. Kama daftari linasema kitu kingine, kosa liko kwenye kuchukua, alitafute.

Sehemu nazo. Ukimpa nusu kujumlisha theluthi, atajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, aandike 2/5. Kabla ya kumtajia KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, muulize kama 2/5 ya chapati inafika nusu. Haifiki. Inawezekanaje ulikuwa na nusu, ukaongezewa, ukabaki na chini ya nusu? Mwache akae na swali hilo kidogo, lina faida kuliko kanuni. Kisha achore mistatili miwili iliyo sawa, kila mmoja aukate vipande 6. Nusu ni vipande 3, theluthi ni vipande 2, jumla 5/6. Akishaona kwa nini lazima vipande vilingane, KDS inakuwa na maana kwake.

Tebo huwa sizifanyii kikao. Namuuliza tukiwa njiani, tena bila mpangilio: saba mara nane, kisha papo hapo 56 gawanya kwa 7. Anayeziimba kuanzia moja mara moja bado hajazijua.

Sasa saa. Hapa Hisabati na Kiingereza vinakutana, na watoto wengi wanapoteza alama pasipo sababu. Swali la Kiingereza linauliza, "What time do you go to school?" Mtoto anaenda shule saa moja asubuhi, anaandika, "I go to school at one o'clock." Hajakosea kufikiri. Amehesabu saa tunavyohesabu sisi, kuanzia jua linapochomoza, wakati Kiingereza kinaanzia katikati ya usiku. Tofauti ni saa 6. Tafuta saa ya mishale. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, sisi tunasoma namba inayotazamana nayo ng'ambo ya pili, yaani 1. Mwambie kwa Kiingereza asome namba yenyewe inayooneshwa na mshale: "seven o'clock." Dakika hazibadiliki, kwa hiyo saa mbili na nusu asubuhi ni "half past eight."

Kwenye mfumo wa saa 24 mambo ni hayohayo. Mchana, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, ongeza 6: saa 2 asubuhi ni 0800, saa 9 alasiri ni 1500. Kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 5 usiku ongeza 18: saa 3 usiku ni 2100. Saa 6 usiku inaandikwa 0000, na baada ya hapo unatoa 6, kwa hiyo saa 8 usiku ni 0200. Mpe ratiba ya basi azibadilishe. Ni zoezi zuri kuliko la kwenye kitabu.

Kwa Kiingereza, kwenye ufahamu, asome maswali kabla ya habari, ajue anatafuta nini. Kisha apige mstari kwenye neno dogo la swali: does au did. Hilo ndilo linaloamua sura ya jibu. "What does Neema do every morning?" Kuna does, kwa hiyo kitendo cha Neema kinapata s mwishoni, au es: "Neema fetches water every morning." Likiwa did, jibu ni la jana: "Neema fetched water." Binti yangu alikuwa anaandika "Neema is fetch water" kila mara. Tulichofanya ni kuchukua sentensi moja na kuizungusha kwa watu wote: I fetch, you fetch, we fetch, they fetch, she fetches. Tulisema kwa mdomo kwanza, tukaandika baadaye. Fanya hivyo kwa wash, go, watch na cook, usibebe maneno ishirini kwa jioni moja.

He na she zinawachanganya kwa sababu kwetu baba na mama wote ni yeye. Gengeni hapakosi watu, basi mteja akishaondoka namuuliza kwa sauti ya chini, "Who is that?" naye anajibu, "He is a driver," au "She is a teacher." Mtu halisi anakaa kichwani kuliko picha ya kitabuni.

Matamshi usiyajibie kama huna uhakika nayo. Kiingereza hakisomwi kinavyoandikwa, na ukimfundisha vibaya atashika vibaya. Tumia kamusi ya simu yenye sauti, msikilize wote wawili. Tahajia ni kutazama neno, kulifunika, kuliandika, kufunua na kulinganisha, basi. Vitabu vya kiada vikiwa haba, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, unaweza kuvisoma kwenye simu. Ila simu ije mwisho, mtoto akiwa ameshajaribu, na programu za kujibu maswali usimpe kabisa.

Kuna siku mtakwama wote wawili. Mkishajaribu njia mbili na muda unakwenda, achaneni na swali hilo. Usilifute alilojaribu. Mwambie azungushie duara mstari alioishia, aandike pembeni kwa mkono wake, "Mwalimu, hapa sijaelewa kwa nini tunazidisha." Aandike jambo lenyewe linalomtatiza. "Sijaelewa" peke yake haimwambii mwalimu aanzie wapi.