Kiuno kikikamata msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba, wengi wanaokuja kwangu hapa Newala ni wa kiuno. Wameinama chini ya mikorosho tangu alfajiri, wanaokota mabibo na kunyofoa korosho, na siku moja wakitaka kunyooka kiuno kinagoma. Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani kutibu misuli na viungo kwa mazoezi, na neno ninalolirudia kila msimu ni hili: usilale.

Kupumzika siku moja au mbili maumivu yakiwa makali, sawa. Ukilala wiki nzima, misuli inayoshikilia uti wa mgongo inalegea, viungo vinakakamaa, na siku ya kuamka unaumia upya. Kiuno kilichokamata kwa kuinama au kunyanyua mara nyingi hutulia ndani ya wiki sita, na anayetembeatembea huwahi kupona. Eksirei kwa kawaida haihitajiki, maana yenyewe huonyesha mifupa, na kinachouma hapa mara nyingi si mfupa.

Ila kwanza jikague. Nenda hospitali leo leo ikiwa una ganzi sehemu za siri, mkojo umeziba au unatoka wenyewe, haja kubwa inakuponyoka, au mguu unazidi kukosa nguvu. Hapo mishipa ya fahamu imebanwa, na kuchelewa kunaweza kukuachia ulemavu. Aliyeanguka kutoka mwembeni au kwenye mnazi asipakiwe kwenye bodaboda; alazwe kwenye ubao ulionyooka, abebwe na watu kadhaa. Na mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapimwe. Kifua kikuu hukaa hata kwenye pingili za mgongo, na dawa zake hutolewa bure.

Kama huna dalili hizo, tandika mkeka. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Ingiza kiganja chini ya kiuno, utakuta uwazi. Kaza tumbo taratibu mpaka kiuno kikibane kiganja, hesabu hadi tano huku unapumua, achia. Mara kumi. Kisha vuta goti moja kifuani kwa mikono miwili, sekunde 20, badilisha. Mwisho nyanyua makalio mpaka mabega, nyonga na magoti viwe mstari mmoja, hesabu tano, shusha polepole, nayo mara kumi. Fanya asubuhi na jioni. Wengi hubana pumzi au huinuka kwa kurusha kiuno. Gusa makalio yako ukiwa juu, ukikuta ni laini basi kiuno ndicho kinachobeba kazi yote. Kusikia kuvuta ni kawaida. Zoezi linaloteremsha maumivu au ganzi mguuni kupita goti, liache.

Kanga iliyolowekwa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, hulegeza misuli kabla ya mazoezi. Mwenye kisukari apimiwe joto na mtu mwingine, ngozi yake inaweza isihisi. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, usiimeze msimu mzima: inachimba tumbo na kuumiza figo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye presha na mjamzito waulize kwanza hospitali.

Mazoezi hayo hayatafika mbali kama shambani unafanya yale yale. Usiokote na kunyofoa ukiwa bado umeinama. Kusanya mabibo kwanza, weka rundo kivulini, kisha kaa kwenye kigoda unyofoe korosho. Unapookota, piga goti moja chini, halafu badilisha la pili. Bibi mmoja wa Kitangari aliniambia goti linamchubuka kwa mchanga na vijiti. Tukakunja kipande cha gunia mara nne, akakifunga gotini kwa ukanda wa kanga kuukuu, akaendelea na kazi. Kila ukimaliza mkorosho mmoja, simama, viganja kiunoni, jinyooshe kwa nyuma taratibu mara tano. Nikiruhusiwa kukuachia jambo moja tu, ningekuachia hilo la kujinyoosha.

Gunia lililojaa hufika kilo 80, na hilo si la mtu mmoja, awe kijana au mzee. Shikeni wawili, kunjeni magoti, gunia liwe karibu na tumbo, na mnapogeuka geukeni kwa miguu. Maji nayo, kwa sisi tunaoyafuata mbali: ndoo mbili za lita 10, moja kila mkono, ni nafuu kuliko moja ya lita 20 inayokupinda upande mmoja.

Maumivu yakipungua, rudi shambani kwa nusu siku. Ukiamka kesho yake kiuno kiko kama jana, endelea, ongeza kidogo kidogo. Kikiwa kimezidi na mpaka mchana hakijashuka, punguza idadi ya mikorosho siku hiyo, lakini usirudi kulala. Wiki sita zikipita bila nafuu, njoo tukupime, au nenda hospitali ya Ligula au ya Ndanda, popote palipo karibu nawe.