Gari ya paa la turubai: ukiilaza masika

Ukiilaza gari yako, yaani ukiiegesha bila kuiendesha, kuanzia Machi hadi Mei, kinachoiua si mvua yenyewe ila chumvi na unyevu uliofungiwa ndani. Ioshe kwa maji matamu, chini zaidi kuliko juu, kwenye chasisi na ndani ya fenda za tairi, kisha iache juani ikauke kabisa.

Turubai usilikunje! Likikunjwa na unyevu huota ukungu kwenye mikunjo, na kile kioo laini cha nyuma hupasuka. Lifunge kama unavyoendesha mvuani, ipaki bandani, vioo ushushe kidole kimoja hewa ipite. Usiifunike nailoni, hufungia jasho. Shuka la pamba linatosha.

Hendibreki usivute, kwani breki hugandana kwa kutu. Tia gia ya kwanza na kabari za mbao kwenye tairi. Tairi zijazwe upepo zaidi kidogo ya kawaida, bila kupita kiwango kilichoandikwa ubavuni. Tangi lijae. Betri chomoa waya wa hasi na uichaji kila mwezi. Ikisoma chini ya volti 12.4, usingoje mwezi uishe. Kuwasha injini dakika tano na kuzima hakusaidii, kunaacha maji kwenye ekzosi.