Somo: Fundi wa tinti akikufuata nyumbani, kazi inavyokwenda (gari na madirisha)

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kubandika tinti na sina ofisi. Nina begi la zana, ndoo mbili, rola za filamu na simu. Mteja akipiga namfuata alipo, Dar yote, mara mojamoja Kibaha au Bagamoyo. Wengi wakisikia fundi anakuja nyumbani wanadhani wao wamebakiza kulipa tu. Sivyo. Mimi naleta mikono na zana, karakana unaitoa wewe. Kazi nyingi ninazoitwa kubandua filamu yake ilikuwa nzuri tu, kilichoiua ni vumbi la uwanja.

HATUA YA 1: Chagua filamu kabla hujamwita mtu

Filamu ni plastiki nyembamba ya poliesta, upande mmoja ina gundi iliyofunikwa na nailoni. Zile namba 5, 20, 35, 50 ni asilimia ya mwanga unaopita, kwa hiyo namba ikiwa ndogo giza linakuwa kubwa. Tena zinazidishana na za kioo chenyewe. Kioo cha mlango kinachopitisha 75, ukikibandika filamu ya 35, unabaki na 26 hivi. Hapo ndipo watu wanapolalamika kwamba "mbona nyeusi kuliko sampuli".

Halafu giza si ubaridi. Karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kwa miale ya infraredi ambayo jicho haliioni. Filamu ya rangi tupu inakupa weusi, joto inalipunguza kidogo, na baada ya miaka kadhaa inageuka zambarau. Ya kaboni haipauki namna hiyo. Ya metali inarudisha joto vizuri ila inaweza kuisumbua redio na GPS. Ya seramiki inakata infraredi hata ikiwa nyeupe, na bei yake utaisikia. Mimi natembea na vipande viwili vya kioo, kimoja kina filamu ya rangi ya 5, kingine seramiki ya 50, na taa ya joto ya halojeni. Mteja anaweka kiganja nyuma ya kila kimoja. Mara nyingi anautoa mkono haraka kwenye kile cheusi. Mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi baada ya hapo.

HATUA YA 2: Mahali

Hii ndiyo hatua yenyewe. Nahitaji kivuli, umeme wa kufikia gari, na sehemu isiyo na upepo. Gereji iliyofungwa ni bora, baraza pana inatosha. Mwagia maji sakafu nusu saa kabla sijafika ili vumbi lilale. Asiwepo anayefagia, feni izimwe, na nguo zisianuliwe karibu.

Chini ya mwembe hapana. Niliwahi kukubali, mteja aling'ang'ania kwamba kivuli ni kivuli. Kuna Noah sasa hivi inatembea Tabata na sisimizi wangu mmoja katikati ya kioo cha nyuma, amenyoosha miguu yote sita. Nilimrudishia nusu ya hela.

Maji pia. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ikikaukia chini ya filamu inaacha alama nyeupe. Ya kuoshea gari tumia yoyote, lakini ya kupulizia kwenye gundi niandalie dumu la maji safi ya kunywa.

HATUA YA 3: Kusafisha

Kioo kinaoshwa kwa ndani, kinakwanguliwa kwa wembe mpya, kinaoshwa tena. Nyuma kwenye zile nyaya nyembamba za kuondoa ukungu wembe haupiti, ukikata mstari mmoja umeua. Uchafu mwingi umejificha kwenye mpira wa chini, pale kioo kinapozama mlangoni. Fundi asiyegusa hapo, mpira utamwagia mchanga kwenye gundi yake.

HATUA YA 4: Kukata na kukunja kwa moto

Filamu inapimwa kwa NJE ya kioo, inakatwa, kisha inapulizwa hewa ya moto ili isinyae na kufuata mbinuko. Kioo cha nyuma cha gari kimepinda pande zote, bila moto filamu inakaa kama shuka lisilotandikwa. Ukimwona fundi anaunganisha vipande viwili katikati ya kioo cha nyuma, ujue kutumia moto hawezi.

HATUA YA 5: Kubandika

Nailoni inatolewa huku gundi inapuliziwa maji yenye matone machache ya shampuu ya watoto, ili filamu iteleze na uweze kuipanga. Ikishakaa sawa, maji yanakamuliwa kwa kibao chenye mpira, kuanzia katikati kwenda pembeni. Gari dogo linanichukua saa tatu. Anayekuahidi dakika arobaini kwa vioo vyote, muulize ataruka hatua gani.

MADIRISHA YA NYUMBA

Hapa kioo kimenyooka, moto hautumiki sana. Kazi ni kupima. Rola kubwa ina upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 30, na malipo ni kwa mita ya mraba, kwa hiyo vipimo vya dirisha ndivyo vinavyoamua mabaki. Dirisha lenye vioo viwili vya sentimita 70 kwa 120: vinakaa bega kwa bega kwenye upana wa rola na kinachotupwa ni kidogo. Kioo cha sentimita 90 ukikilaza vibaya unalipia takataka. Mwambie fundi akuchoree kabla ya kukata.

Vioo vya maua, vile vyenye mikunjo, gundi haishiki upande wenye mikunjo. Luva za zamani sizibandiki, kila ubao unataka kipande chake na kingo zinachanika kwa kufungua na kufunga.

BAADA YA KAZI

Usishushe vioo vya gari siku nne, tano. Utaona ukungu na viputo vidogo vya maji, usivitoboe na sindano, vinakauka vyenyewe ndani ya wiki chache, msimu wa mvua hata mwezi. Kiputo chenye punje katikati hicho ni uchafu, hakikauki, nipigie. Dawa ya vioo yenye amonia iache, kitambaa laini na sabuni ya maji vinatosha.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, IST yangu imetoka Japani vioo vya nyuma tayari vyeusi. Bado nahitaji filamu?

Weusi huo umo ndani ya kioo, haukwanguliki. Mbele vimekuja vyeupe kwa sababu Japani inataka kioo cha mbele na vya milango ya mbele vipitishe angalau asilimia 70. Nyuma joto bado linaingia, kwa hiyo weka filamu nyepesi, hata 70 ya seramiki. Ukiongeza 20 juu yake, usiku hutarudi nyuma bila kuteremsha kioo.

Niko Uingereza, mdogo wangu anataka kuniwekea milango ya mbele. Kuna shida?

Huko kioo cha mbele kinatakiwa kipitishe 75, milango ya mbele 70. Kioo chako kitupu huenda kiko karibu na hapo tayari, piga ile hesabu ya kuzidisha. Nyuma ya dereva hakuna kikomo.

Dada yangu kaweka ile filamu ya kioo-kioo, inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, sebuleni, mchana hatuonekani, usiku majirani wanatuona mpaka ugali. Katapeliwa?

Hapana, mkuu. Filamu ile inaficha upande wenye mwanga mdogo. Mchana nje kuna mwanga zaidi, ukiwasha taa usiku mambo yanageuka. Mwambie afunge pazia.

Filamu ya usalama inazuia mwizi?

Inamchelewesha. Kioo kinavunjika ila vipande vinabaki vimeshikana. Ya kawaida ina maikroni 50 hivi, ya usalama 100 hadi 200. Faida yake kubwa ni vipande kutoruka. Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani, watu walisogea madirishani waliposikia mshindo wa kwanza, bomu lenyewe lilipolipuka vioo viliwaharibia wengi macho.

Ofisini tuna vioo viwili-viwili vyenye hewa katikati. Tubandike ndani?

Taratibu. Filamu nyeusi inayofyonza joto inaweza kupasua kioo cha namna hiyo, hasa kama nusu kiko kivulini. Taka filamu ambayo mtengenezaji wake ameandika kwamba inafaa kwa vioo hivyo.

Tinti yangu imekuwa zambarau, naweza kuibandua mwenyewe?

Milangoni ndiyo. Pasha kwa mvuke au hewa ya moto, anzia kona ya juu, vuta polepole, gundi iliyobaki ilainishe kwa maji ya sabuni. Kioo cha nyuma niachie mimi, zile nyaya zinang'oka na gundi.